Sura ya Saba: Unakusudia Kuishi Jimbo Gani?

Fomu ya kuomba ukaaji wa kudumu nchini Kanada ina maswali ya kutisha: magonjwa, kesi za polisi, utumishi jeshini, pesa. Hayo watu huyasoma mara mbili. Swali linaloulizwa kwa upole kuliko yote ndilo hupitwa mbio: unakusudia kuishi jimbo gani, na katika mji upi? Mtu ameketi kwenye saiba ya Nyeri, Karatina au Nanyuki, jioni imeingia, mwenye mashine anataka kufunga mlango. Jibu huwa mji wowote wenye jina. Andika Toronto, jimbo la Ontario, twende mbele.

Kwa wengi jibu hilo halina neno, kwa kuwa ni la kweli. Tatizo ni la yule ambaye dada yake anaishi Montreal, chumba kimeshaandaliwa Montreal, na tangu mwanzo hana safari nyingine ila ya Montreal. Huyo anajua kwamba Montreal iko Quebec, na kwamba Quebec humtaka mfanyakazi anayekuja kuhamia huko awe anajua Kifaransa. Yeye hakijui. Basi anaandika Toronto, akijiambia kwamba akishafika atapanda basi.

Sura hii ina neno moja la kumwambia. Sharti la lugha ni mzigo ambao mtu wa kawaida anaweza kuubeba akipewa muda. Uongo wa kulikwepa sharti hilo hauishi siku ya kupata kibali. Hukaa kwenye faili, na faili hiyo hufunguliwa tena kila unapopiga hatua mpya.

Mlango wa Quebec

Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3. Quebec ndilo jimbo pekee ambalo lugha yake rasmi ni Kifaransa peke yake. Watu wake ni takriban milioni 9, na wamezungukwa na mamia ya mamilioni ya wasemaji wa Kiingereza, ukihesabu na Marekani. Siasa za jimbo hilo zimejengwa kwa miaka mingi juu ya hofu ya lugha yao kumezwa. Mwaka 1977 bunge la jimbo lilipitisha sheria maarufu kwa jina la Sheria 101, iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya biashara na ya shule kwa watoto wengi wa wahamiaji. Mwaka 2022 ikaja Sheria 96, iliyokaza kamba zaidi.

Mtu wa Nyeri hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Nenda nyumba yoyote mjini siku ya Krismasi, umsikie shosho akimsemesha mjukuu kwa Kikuyu na mjukuu akimjibu kwa Kiswahili au kwa Sheng. Tofauti ni kwamba Wakwebeki walikuwa na bunge, bajeti na mamlaka ya kuamua nani aingie.

Mamlaka hayo yanatokana na mapatano ya mwaka 1991 kati ya Quebec na serikali kuu ya Kanada. Kwa mapatano hayo, Quebec huchagua yenyewe wafanyakazi wanaohamia kwake. Mwombaji hupitia kwanza mikononi mwa jimbo, na akichaguliwa hupewa cheti cha uteuzi. Hapo ndipo serikali kuu humpima afya na usalama kabla ya kumpa ukaaji wa kudumu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024, kwa kazi za ujuzi wa juu, jimbo linataka kiwango cha 7 cha Kifaransa cha kuzungumza, kwenye mizani yake ya ngazi 12. Hiyo ni lugha ya mtu anayeweza kufanya kazi ofisini na kujitetea mbele ya bosi. Salamu za hotelini hazimfikishi mtu hapo.

Majimbo mengine yana mlango tofauti. Tangu Januari 2015 wafanyakazi wengi wenye ujuzi hupitia mfumo wa serikali kuu uitwao Express Entry, ambapo umri, elimu, uzoefu wa kazi na lugha hugeuzwa kuwa alama. Kanuni zake zinamtaka mwombaji awe na nia ya kuishi nje ya Quebec. Kwa hiyo swali la jimbo ni sharti kamili la kustahili, kama lilivyo sharti la elimu. Ukijibu uongo hapo, umejipa sifa usiyokuwa nayo.

Milango hii miwili haisomi hata vyeti vilevile. Quebec hukubali cheti cha DELF, ambacho Wakenya wengi waliosoma Kifaransa wanakijua. Express Entry haikikubali. Inataka TEF Canada au TCF Canada, yenye matokeo yasiyozidi miaka miwili. Kuna watu waliolipia mtihani, wakaufaulu, kisha wakagundua kwamba wamebeba ufunguo wa mlango mwingine.

Kubadili nia na kudanganya

Hapa ndipo maajenti hupata neno la kumtuliza mteja. Wanasema: Katiba ya Kanada inamruhusu mkaaji wa kudumu kuishi popote. Ni kweli. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982 kinampa mkaaji wa kudumu haki ya kuhamia jimbo lolote na kutafuta riziki huko. Ukifika Calgary, ukakosa kazi mwaka mzima, ukapata kazi Montreal, hamia. Hakuna atakayekukamata.

Lakini haki ya kuhama ni ya mtu aliyekwisha kuwa mkaaji. Fomu inauliza nia uliyonayo siku unapotia sahihi. Aliyekusudia Calgary kisha maisha yakampeleka Montreal hajamdanganya yeyote. Aliyekusudia Montreal tangu mwanzo na kuandika Calgary amedanganya, hata kama leo wote wawili wanapanga nyumba mtaa mmoja.

Utauliza, nia iko moyoni, afisa ataionaje? Ataiona mahali moyo unapoacha alama. Tiketi ya ndege inaishia Montreal. Kadi ya ukaaji imeombwa itumwe kwa anwani ya Montreal. Mtoto ameandikishwa shule huko wiki ile ya kwanza. Barua ya mwajiri wa Montreal ina tarehe ya kabla ya ombi. Kila kimoja peke yake kina maelezo yake. Vikipangwa mezani pamoja, vinasimulia hadithi nyingine.

Mambo ni yaleyale kwa majimbo yenye programu zao za kuteua watu, kama Saskatchewan, Manitoba au New Brunswick. Jimbo linakupa alama 600 za nyongeza, ambazo kwa kawaida zinatosha kukuvusha, kwa sharti kwamba unakusudia kuishi kwake. Anayeteuliwa na Saskatchewan na kushukia Toronto bila hata kwenda kuiona Regina amejitengenezea swali atakaloulizwa siku moja.

Msidhani mchezo huu ni wa watu wanyonge. Kuanzia mwaka 1986 Quebec iliendesha mpango wa wawekezaji, ambapo tajiri aliweka fedha kwa muda na kupata ukaaji. Wengi walipita mlango wa Quebec wakaenda kuishi Vancouver na Toronto. Lawama zikawa nyingi, jimbo likasimamisha mpango mwaka 2019. Ulipofunguliwa tena Januari 2024 ulikuja na masharti mapya: mwekezaji ajue Kifaransa cha kiwango cha 7, na aje akae Quebec kwanza. Ndivyo sheria zinavyokua. Uongo wa waliotangulia hugeuka kuwa sharti la wanaofuata.

Kwa nini uongo wa serikalini hauumi

Watu wa milimani hawasifiki kwa kuiba sadaka. Mzee wa kanisa ambaye hawezi kuchukua shilingi ya chama anaweza kumwambia mwanawe, bila haya, ajaze fomu ya ubalozi vyovyote itakavyompeleka. Mgongano huo una historia.

Kuanzia mwaka 1920 mwanamume wa Kiafrika katika Kenya ya ukoloni alivaa kipande shingoni, ndani ya kikasha cha chuma, na kipande hicho kilimwambia mzungu ametoka wapi na amefanya kazi kwa nani. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa Nairobi, wakachujwa na kupelekwa vizuizini, na baada ya hapo kuishi mjini kulihitaji kitabu cha ruhusa. Uchaguzi wa mwaka 1957 ulipofika, mtu wa Mkoa wa Kati alihitaji cheti cha utiifu ili apige kura. Katika dunia hiyo, kumjibu ukweli afisa aliyekuuliza unakwenda wapi na unaishi na nani kuliweza kumfunga ndugu yako. Kudanganya kulikuwa ngao, na wazee walifundisha ngao hiyo nyumbani.

Tatizo ni kuibeba ngao hiyo mahali ambapo hakuna aliyekuvamia. Anayeomba ukaaji wa kudumu amekwenda mwenyewe, amelipa ada mwenyewe, na anaomba kuishi chini ya serikali ileile anayoihadaa. Sheria ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 40, inasema anayetoa maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi hafai kuingia nchini kwa miaka 5, na ndani ya muda huo hawezi kuomba ukaaji wa kudumu. Akigunduliwa baada ya kupewa uraia, uraia wenyewe unaweza kufutwa.

Kabla ya uamuzi, kwa kawaida ofisi humwandikia mwombaji barua na kumpa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Wanaoipata barua hiyo huihesabu kama hukumu. Si hukumu bado, ila ni mahali ambapo uongo wa pili humzamisha aliyekuwa na uongo mmoja tu.

Kifaransa kinacholipa

Sasa tuseme yule ndugu wa Montreal ameamua kufuata njia ndefu, akajiandikisha darasani. Kuna jambo ambalo ajenti wake huenda hakumwambia: Kifaransa kina thamani kubwa hata nje ya Quebec.

Serikali kuu ya Kanada inataka jamii za Kifaransa zilizo nje ya Quebec, kama zile za Ontario na New Brunswick, zisikauke. Mwaka 2023 ilianza kuwaalika waombaji wa Express Entry kwa makundi, na kundi moja ni la wanaojua Kifaransa. Tarehe 28 Februari 2024 mwaliko wa jumla ulihitaji alama 534. Kesho yake, tarehe 29, wajuzi wa Kifaransa 2,500 waliitwa, na wa mwisho wao alikuwa na alama 336. Tofauti ya karibu alama 200, usiku mmoja kati yake. Alama za namna hiyo mtu wa miaka 35 hawezi kuzipata kwa kupunguza umri, na kuongeza shahada humgharimu miaka.

Kinachotakiwa ni kiwango cha 7 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Chukua TCF Canada, sehemu ya kuzungumza. Ni dakika 12, na kazi ni tatu. Kwanza unajieleza kwa dakika mbili: wewe ni nani, unafanya nini. Kisha unapewa dakika mbili za kujitayarisha, na baada ya hapo wewe ndiye unayeuliza maswali, kwa mfano kwa mtu anayekodisha nyumba. Mwisho unapewa jambo la kutolea maoni, nawe unalitetea kwa dakika nne na nusu bila matayarisho. Mwenye kuuza viazi Karatina hufanya kazi ya pili kila asubuhi, na kila mwanachama wa chama amewahi kufanya ya tatu. Wanachokosa ni maneno ya Kifaransa, na hayo hujifunzwa.

Wengine huogopa matamshi. Watu wa Nyeri tumetaniwa tangu shule ya msingi kwa kubadilishana r na l, na hofu hiyo huwafuata hadi chumba cha mtihani. Mtahini hatafuti sauti ya Paris. Anatazama kama unaeleweka, kama sentensi zinashikana, kama msamiati unatosha jambo unalolisema. Kwa mwanafunzi anayeanza kutoka sifuri, kazi hii ni ya miezi mingi, na huenda ikapita mwaka. Alliance Française ya Nairobi imefundisha tangu mwaka 1949, na siku hizi somo linafuatwa pia kwa intaneti ukiwa Othaya au Chuka.

Hata Kiingereza hakina dezo. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu bado hufanya mtihani kama IELTS akipitia Express Entry. Inakera, na malalamiko yana haki yake. Hata hivyo malalamiko hayo hayampi mtu ruhusa ya kumtuma mwingine akamfanyie mtihani.

Uingereza ilionyesha matokeo ya mchezo huo. Mwaka 2014 kipindi cha BBC kilifichua vituo vya London ambamo watu walifanya mtihani wa Kiingereza wa TOEIC kwa niaba ya wengine. Kampuni ya mtihani ilipokagua rekodi zake ilitangaza matokeo 33,663 kuwa batili na mengine 22,476 kuwa ya mashaka. Serikali ikafuta viza kwa wingi. Kati ya waliokumbwa walikuwamo waliofanya mtihani wao wenyewe kwa haki, na baadhi walipigana mahakamani kwa miaka kusafisha majina yao. Mdanganyifu humwachia doa hata aliyeketi dawati la pembeni.

Ndoa ya mila, bonasi ya chai

Lugha na jimbo ni sehemu tu ya ukweli unaoulizwa. Milimani kuna maswali mawili ambayo waombaji huyajibu vibaya bila hata kujua kwamba wanadanganya.

La kwanza ni ndoa. Mazungumzo ya namna hii husikika sana. Muuguzi yuko mbele ya mashine, na anayemjazia fomu anamwambia:

«Sista, hapa tuweke hujaolewa. Si hamjaenda kanisani?»

«Lakini alishatuma wazee nyumbani. Na tumekaa pamoja tangu mtoto azaliwe.»

«Ngurario je?»

«Bado.»

«Basi hiyo wazungu hawaijui.»

Wanaijua. Kwa sheria ya Kanada, wawili walioishi pamoja kama mume na mke kwa mwaka mmoja ni wenzi, hata kama hawana cheti, hawana pete, na mbuzi wa ngurario, sherehe inayokamilisha ndoa ya Kikuyu, bado yuko zizini. Mtu aliyepanda ithigi tu, yaani hatua ya kwanza ya posa, akakaa na mwenzake nyumba moja miaka miwili, si kapera kwenye fomu hiyo. Kwa upande wetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila sawa na za kanisani na za msajili.

Adhabu ya kuficha hapa ni kali kwa namna ya pekee. Mwenzi au mtoto ambaye hukumtaja, na kwa hiyo hakukaguliwa wakati wa ombi lako, kanuni zinaweza kukuzuia usimwombee baadaye kama mwanafamilia. Kuna akina baba walioacha kumwandika mtoto waliyemzaa kabla ya ndoa ili faili ionekane safi, na miaka minne mbele wakamtaka aje. Ofisi ikafungua faili ya kwanza: watoto, hakuna.

La pili ni pesa. Mwaka 2025 mtu mmoja asiye na kazi Kanada alitakiwa kuonyesha zaidi ya dola 15,000 za Kanada, karibu shilingi milioni 1.4. Pesa za kukopa haziruhusiwi. Thamani ya shamba haihesabiwi, hata hati yako iwe ya ekari kumi za Tetu. Benki huandika barua yenye tarehe akaunti ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni uliyonayo. Aliyechukua mkopo wa sacco Jumatatu na kuuweka benki Jumanne hana pa kuuficha, kwa maana karatasi ile moja inaonyesha salio, wastani na deni.

Mkulima wa kweli ana njia rahisi kuliko anavyodhani. Pesa nyingi zilizoingia Oktoba si dhambi kama ni bonasi ya chai. Ambatisha risiti za kiwanda, iwe Chinga, Gathuthi au Ragati, uandike mistari mitatu ya maelezo. Ukiuza ng'ombe au kipande cha ardhi, weka mkataba wa mauzo. Mjomba akikuzawadia, aandike kwamba ni zawadi isiyorudishwa, na iwe kweli haitarudishwa.

Sahihi ni ya nani

Nyuma ya fomu nyingi za uongo yuko mtu wa tatu aliyelipwa. Mwaka 2023 Kanada ilikumbwa na kisa cha wanafunzi kutoka Punjab nchini India walioingia kwa barua za vyuo zilizoghushiwa na ajenti mmoja. Wengi walisema hawakujua, na wengine waligundua miaka kadhaa baadaye, walipoomba ukaaji wa kudumu. Ajenti huyo alikiri mashtaka na kufungwa miaka 3 mwaka 2024. Vijana nao ilibidi wathibitishe, mmoja mmoja, kwamba walihadaiwa.

Sheria inaanza na aliyetia sahihi. Kusema «ajenti ndiye aliyeandika» hukubaliwa kwa nadra mno. Kwa Kanada, mshauri anayelipwa lazima awe wakili au mwanachama wa chuo cha washauri wa uhamiaji kilichofunguliwa Novemba 2021, na orodha ya wanachama iko wazi kwenye intaneti. Kwa kazi za nje, mawakala wa Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Anayekataa kukupa namba yake ya usajili amekwisha kukujibu.

Uongo wa maajenti hustawi penye habari nusu. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, na mara zikaenea habari za nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani ikakanusha idadi hiyo: mkataba haukutaja hesabu yoyote. Kilichobaki ni masharti yaleyale. Muuguzi kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2 ili ujuzi wake utambuliwe, na anayetaka kibali cha kudumu kwa kawaida huonyesha B1 na kufaulu mtihani wa maswali 33 kuhusu maisha ya Ujerumani, apate angalau 15. Anayekuuzia cheti cha B2 kwa wiki moja anakuuzia karatasi ambayo wodi ya hospitali itaikana siku ya kwanza, mgonjwa atakapokueleza anaumwa wapi.

Mgeni akija kwetu

Anayeona masharti haya kuwa ni kiburi cha mataifa tajiri asome sheria ya nyumbani. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inampa ukaaji wa kudumu, miongoni mwa wengine, mgeni aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka 7 na kuishi nchini mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia ombi, na pia mwenzi aliyeoana na Mkenya kwa miaka 3. Hapo lugha haiulizwi. Akitaka uraia kwa kuishi nchini, inaulizwa: lazima aelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji. Tanzania inataka Kiswahili au Kiingereza. Hata Uingereza, ambako wengi hudhani ni Kiingereza tu, sheria ya uraia ya mwaka 1981 inapokea pia Kiwelisi na Kigaeli cha Uskoti.

Kwa maneno mengine, mfugaji wa kigeni pale Nanyuki anaweza kisheria kulitimiza sharti la lugha kwa Kikuyu au Kimeru. Na Katiba ya Kenya, ibara ya 17, inaruhusu kufutwa kwa uraia uliopatikana kwa ulaghai, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la msingi. Ni maneno ambayo afisa wa Ottawa angeyatambua mara moja. Sisi tunaomdai mgeni atuambie ukweli na atusalimu kwa lugha yetu hatuna msingi wa kushangaa tunapodaiwa hayo kwao.

Kabla ya kubonyeza

Jaza fomu mwenyewe, au keti kando ya anayeijaza, na usome kila jibu kwa sauti. Hifadhi nakala ya kila ukurasa uliotuma. Utaihitaji: kuomba uraia wa Kanada kunataka siku 1,095 za kuwapo nchini ndani ya miaka 5, na mtu wa miaka 18 hadi 54 huthibitisha lugha tena. Hapo majibu ya zamani na ya sasa yanaweza kuwekwa sambamba. Anwani za miaka 10, tarehe za kazi, hali ya ndoa, vyote vinapaswa kulingana, na kumbukumbu ya mtu hailingani bila nakala.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, iandikie ofisi kabla haijauliza. Barua haizidi ukurasa mmoja: namba ya ombi, swali lililohusika, jibu ulilotoa, jibu sahihi, sababu ya kosa, na hati inayothibitisha. Kama kosa linagusa sifa yenyewe ya kustahili, kwa mfano jimbo unalokusudia kuishi, huenda ukalazimika kuliondoa ombi na kuanza upya kwa mlango unaokufaa. Ada itapotea, na miezi pia. Ukiipima hasara hiyo na miaka 5 ya kufungiwa, pamoja na jina lililoandikwa udanganyifu, ni hasara unayoweza kuilipa kwa mavuno mawili ya kahawa.